Kikombe cha Mawese

Verediana alikuwa mbishi, na jambo hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote upande ule wa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu. Mama yake alisema ubishi huo alizaliwa nao, kwani hata siku ya kuzaliwa alitanguliza miguu. Kila alfajiri aliamka kabla ya kuitwa, akachukua ndoo, akashuka bondeni kwenye chemchemi. Kushuka alishuka mbio. Kupanda, ndoo ikiwa kichwani, alipanda kwa hatua ndefu za haraka, na akina mama aliowakuta njiani walimpisha wakicheka. "Pita, mwana wanje, mwanangu, usije ukatuangusha," walimwambia. Kisha alifagia uwanja, akanywa uji, akakimbia tena kwenda shule. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita, na hakukumbuka mara ya mwisho aliyotembea polepole kwenda popote.

Mwaka huo, 2013, miguu yake ilianza kumfungulia njia. Mwezi wa nne, kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ngazi ya kata, alikuwa wa pili katika mbio za mita elfu moja na mia tano. Wa kwanza alikuwa Adija, binti wa mwenye duka, rafiki yake wa dawati moja. Wote wawili walichaguliwa kwenda kushindana Kasulu mjini mwezi wa sita, na huko washindi wawili tu ndio wangekwenda Kigoma kuiwakilisha wilaya. Verediana alikuwa hajawahi kufika Kigoma. Alikuwa hajawahi kuliona Ziwa Tanganyika, ingawa dagaa wake alianza kuwala tangu aote meno. Alitaka kwenda huko kuliko kitu kingine chochote.

Kikwazo kilikuwa kikombe.

Mwalimu wa michezo, Mwalimu Pasikali, alikuwa mzaliwa wa kijiji hicho hicho. Mwaka 1988, akiwa darasa la saba, alikwenda Kigoma akarudi na medali ya mshindi wa tatu wa mbio, na tangu hapo hakuna mtoto wa shule ile aliyerudi na medali yoyote. Asubuhi ya mbio hizo mwalimu wake alimnywesha kikombe cha mawese ya moto. Basi ikawa desturi. Kila asubuhi ya mashindano Mwalimu Pasikali alipasha mawese aliyoyanunua mwenyewe, akayamimina kwenye vikombe vya bati, akawapanga wakimbiaji mstari mmoja.

"Injini haifanyi kazi bila oili," aliwaambia. "Kunyweni viungo vilainike."

Walikunywa. Siku ya mashindano ya kata Verediana naye alikunywa, akakimbia huku mafuta yakimpanda kooni kila alipovuta pumzi. Alipovuka mstari wa mwisho hakusimama, alipitiliza hadi kwenye shamba la mahindi lililokuwa nyuma ya goli, akatapika yote, akajifuta kwa jani na kurudi akitabasamu. Alificha kwa sababu Mwalimu Pasikali alikuwa na msemo wake kwamba mwenye kutapika hana moyo wa mashindano. Nani angetaka kuambiwa hana moyo?

"Mwalimu, mawese yananikaa tumboni," alijaribu kusema siku iliyofuata.

"Ndiyo yanafanya kazi hivyo."

"Kazi gani, mwalimu?"

"Verediana!"

Mazungumzo yakaishia hapo.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu Shadia, mwalimu wa sayansi, aliingia darasa la sita amevaa sweta lake nene. Alikuwa ametoka Tanga, na baridi ya Kasulu alikuwa bado hajaizoea. Juu ya meza aliweka kiazi kitamu, konzi ya maharage na kichupa cha mawese.

"Vyote hivi mnavila," alisema, "lakini mwili hauvitumii kwa namna moja. Tuanze na kiazi. Hiki ni wanga, sawa na ugali na ndizi. Mwili unaugeuza wanga kuwa sukari, damu inaibeba sukari hiyo kuipeleka kwenye misuli. Hiyo ndiyo nguvu unayoitumia ukilima, ukicheza, ukikimbia."

"Ikibaki, madamu?" aliuliza Verediana.

"Inawekwa akiba kidogo ndani ya ini na ndani ya misuli yenyewe. Akiba hiyo ikijaa, ziada inageuzwa kuwa mafuta."

"Na mtu akinywa mafuta yenyewe?"

Darasa zima lilicheka, maana kila mtu alijua swali hilo limetokea wapi. Mwalimu Shadia hakucheka. "Mafuta hukaa tumboni muda mrefu kabla ya kusagwa," alijibu. "Yakishaingia mwilini, ndiyo akiba kubwa kuliko zote. Yanahifadhiwa chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya ndani, yanangoja siku ya njaa. Ukiyahitaji, yanatoka polepole. Hayana haraka."

Verediana aliketi wima. Kumbe mawese ya saa mbili yalikuwa bado tumboni saa nne, mbio zilipoanza! Kumbe alikuwa sahihi tangu mwanzo! Mwalimu Shadia alichukua konzi ya maharage akaendelea kufundisha, lakini akili ya Verediana ilikwishatoka darasani, iko Kigoma inapokea medali. Kuhusu maharage hakusikia hata neno moja, na jambo hilo ndilo lililomponza.

Jioni ile, mama alipopakua chakula, Verediana alijimegea kipande kikubwa cha ugali wa muhogo, kisha akasukuma maharage yake na dagaa wake mbele ya Makarius, mdogo wake. Makarius hakuuliza maswali, alikula.

"Umeanza vituko gani?" mama aliuliza.

"Nakula nguvu ya kukimbilia, mama. Hayo mengine yananijaza tumbo bure."

"Bure? Kambi ya Mtabila ilipokuwapo tulibadilishana muhogo na wakimbizi, wakatupatia njegere zao, sufuria haikukauka. Wenyewe wamerudi Burundi. Sasa maharage haya nimeyatunza punje kwa punje, nawe unayaita bure?"

"Mpe Makarius," alisema Verediana, akachovya tonge kwenye mchuzi.

Kwa wiki tatu aliendelea hivyo. Ugali, viazi, muhogo wa kuchoma, ugali tena. Alidhani atapaa. Wiki ya kwanza hakuona tofauti, na hilo lilimpa kiburi. Wiki ya pili alijikwaa kwenye jiwe akachubuka mguu, kidonda kikakataa kufunga. Wiki ya tatu alianza kusinzia darasani, na mazoezini Adija alimwacha nyuma nusu mzunguko mzima bila hata kutokwa jasho.

"Unaona?" alisema Mwalimu Pasikali, mikono nyuma. "Umeanza kuidharau oili, miguu imekauka."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalionekana kuwa kweli. Verediana alikwenda moja kwa moja hadi ofisi ya walimu akichechemea, amekasirika hadi masikio yanamuwaka. Mwalimu Shadia alikuwa akisahihisha madaftari.

"Shikamoo madamu."

"Marahaba. Una nini?"

"Madamu, ulitudanganya."

Mwalimu Shadia aliweka kalamu chini. Mwalimu mwingine angemwambia apige magoti, lakini yeye alimtazama tu. "Nimekudanganya nini?"

"Ulisema wanga ndio nguvu. Nimekula wanga wiki tatu, nimekwisha! Adija ananiacha kama nimesimama."

"Na maharage?"

"Nampa Makarius."

"Dagaa?"

"Makarius."

"Alaa! Basi Makarius ndiye apelekwe Kasulu," alisema Mwalimu Shadia, kisha akamvuta karibu akakitazama kile kidonda. "Mwanangu, ulibeba nusu ya somo ukakimbia nayo. Sikiliza nusu ya pili. Nyumba yenu ni ya udongo?"

"Ndiyo, madamu."

"Mvua inaosha ukuta kila siku, nanyi mnafanya nini?"

"Tunakandika tena."

"Mwili wako ni hivyo hivyo. Misuli inachakaa kila siku, na ukifanya mazoezi inachakaa zaidi. Udongo wa kukandikia ni protini, yaani maharage, dagaa, karanga, mayai. Wewe umejaza kuni jikoni, moto unawaka vizuri, lakini ukuta unaporomoka. Hata ngozi ya kufunika kidonda hiki inahitaji protini."

Verediana alikitazama kidonda chake. "Basi leo nitakula maharage sufuria nzima, nifidie," alisema hatimaye.

"Hayo ndiyo makosa mengine. Wanga una akiba yake ndogo. Mafuta yana ghala kubwa. Protini haina ghala. Ukila nyingi leo, mwili unachukua inayohitajika, nyingine unaichoma au kuigeuza mafuta, na taka zake zinatoka kwenye mkojo. Huwezi kula mbuzi Krismasi ukaishi naye hadi Pasaka. Ni kila siku, kidogo kidogo."

"Na mawese, madamu? Ni mabaya?"

"Nani kasema? Mawese yana vitamini ya macho, na mwili wenyewe unahitaji mafuta. Kijiko kwenye maharage ni chakula kizuri. Kikombe kizima asubuhi ya mbio ni mzigo."

"Mbona hukumwambia Mwalimu Pasikali?"

Mwalimu Shadia alicheka kidogo, ila si kwa furaha. "Nilimwambia mara moja. Akasema mimi mtu wa pwani sijui mbio za milimani. Nami nikanyamaza."

"Mimi sitanyamaza," alisema Verediana.

"Sema kwa heshima."

"Kwa heshima, madamu, nitakataa."

Siku ile aliomba radhi kwa mama na kula maharage yake. Makarius alilia. Kila siku alikula kidogo, siku nyingine dagaa, siku nyingine konzi ya karanga za kukaanga. Haikuwa miujiza, ilichukua siku nyingi. Lakini kidonda kilifunga, usingizi wa darasani ukamwacha, na mwishoni mwa mwezi wa tano alikuwa akikimbia bega kwa bega na Adija.

Wiki moja kabla ya safari ya Kasulu alimfuata Mwalimu Pasikali uwanjani, akamwamkia, kisha akamwambia kwamba safari hii asingekunywa mawese. Mwalimu alidhani ni utani. Alipoona si utani, uso wake ulibadilika.

"Asiyekunywa hakimbii," alisema.

Jioni hiyo hiyo alikuja nyumbani kwao. Mama alimkaribisha kiti, akamsikiliza, akainama kwa aibu. "Verediana, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwambie mwalimu utakunywa."

Verediana alipiga magoti kama alivyofundishwa. "Mama, mwalimu akitaka nitamchotea maji mwaka mzima. Mawese sinywi."

"Mwalimu ni mzazi wako!"

"Ndiyo, mama. Na bado sinywi."

Mwalimu Pasikali alisimama, akaaga, akaondoka bila kugusa chai. Mama hakumgombeza Verediana. Alisema tu, "Umenitia aibu leo," na neno hilo lilimuuma Verediana kuliko viboko. Alitamani kumkimbilia mwalimu njiani na kumwambia nitakunywa. Hakwenda.

Siku ya mashindano iliwakuta Kasulu mjini, walikolala kwenye darasa la shule moja iliyowapokea. Saa kumi na mbili Verediana alikula viazi viwili vya kuchemsha, maharage kidogo aliyofungiwa na mama, na kikombe cha uji. Wenzake saba hawakula kitu. Waliogopa, walijua kinachokuja. Saa mbili kikaja. Mwalimu Pasikali alipanga vikombe vinane juu ya dawati, mawese yanafuka moshi, mekundu.

"Mwalimu, naomba nisinywe," alisema Verediana.

"Toa namba."

Namba ilikuwa kipande cha kitambaa kilichobanwa kifuani kwa pini mbili. Ndiyo iliyokuwa Kigoma yake. Pini ya pili ilimchoma kidole, lakini aliitoa namba na kuiweka kwenye kiganja cha mwalimu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Mwalimu, namba nimetoa. Sasa naomba niseme." Hakusubiri jibu. "Umesema injini haifanyi kazi bila oili. Lakini pikipiki haikimbii kwa oili, inakimbia kwa petroli, na hakuna fundi anayemwaga oili kwenye tangi la petroli! Siku ya kata nilitapika. Nilitapika kwenye mahindi, nikaficha, kwa sababu ulisema mwenye kutapika hana moyo. Mimi moyo ninao." Aligeukia wenzake. "Aliyewahi kunywa hicho kikombe asitapike, anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka. Mmoja alitazama dari, mwingine alitazama vidole vyake vya miguu.

Adija aliweka kikombe chake chini. "Hata mimi, mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Siku ya kata nilishinda huku nimeyameza mara mbili, yakipanda nayarudisha." Alitoa namba yake na kuiweka juu ya namba ya Verediana. Akafuata wa tatu, na wa nne. Baada ya muda Mwalimu Pasikali alikuwa amesimama katikati ya darasa akiwa na namba nane mkononi na timu hana.

Verediana alingoja apigwe kofi. Badala yake mwalimu aliketi kwenye dawati la wanafunzi, dogo kwa magoti yake, akazitazama zile namba.

"Mzunguko wa tatu," alisema. "Kigoma. Nilikuwa ninaongoza, watoto wangu. Ninaongoza kwa mbali. Nikatapika mbele ya jukwaa, watu wote wanaona. Nilipoinuka, wawili walikuwa wamenipita." Alizipanga namba moja juu ya nyingine. "Niliporudi kijijini watu walinibeba juu juu, wakasema mawese yameleta medali. Mimi nikaona haya kusema kwamba mawese ndiyo yaliyonipokonya ushindi. Nimenyamaza miaka ishirini na mitano. Na nyinyi nimewanywesha."

Mwalimu alisimama, akamimina vikombe vyote kurudi kwenye dumu kimoja baada ya kingine, kisha akamwita Verediana na kumbana namba kifuani kwa mikono yake mwenyewe.

Saa nne filimbi ililia. Wasichana kumi na wawili waliondoka pamoja, vumbi likawafuata. Verediana alikaa wa tano mzunguko wa kwanza, wa nne mzunguko wa pili. Tumbo lilikuwa jepesi. Pumzi iliingia na kutoka bila kugongana na kitu kooni, na alipoiambia miguu iongeze, iliongeza. Mzunguko wa mwisho msichana mmoja mrefu wa mjini alikuwa tayari mbali mbele, hashikiki. Nyuma yake alikuwa Adija, na Adija alianza kuyumba. Verediana alimfikia kwenye kona.

"Twende!" alimpigia kelele. "Adija, twende!"

"Sina kitu," alijibu Adija. "Nenda wewe!"

Verediana alikwenda. Alimaliza wa pili, Adija akamaliza wa tatu, hatua sita nyuma yake. Walikumbatiana wakilia wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake. Mwalimu Pasikali alikuja mbio, akampongeza Verediana, kisha akamshika Adija mabega. "Umekimbia bila kula kwa sababu ya kuogopa kikombe changu," alimwambia. "Nafasi hii nimekunyima mimi. Mwakani nitakulisha viazi kwa mkono wangu." Adija alicheka katikati ya machozi.

Jumatatu asubuhi, mstarini, mwalimu mkuu alimpa Mwalimu Pasikali nafasi ya kuongea. Wanafunzi wote walitega masikio, maana habari zilikwishafika kabla yake.

"Mmezoea kuambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema. "Ni kweli, msiache kusikiliza. Lakini mkuu naye hukosea, na wadogo wakinyamaza kwa kumwogopa, guu huvunjika la wote. Nendeni kwa Mwalimu Shadia awafundishe, mimi mwenyewe nimeanza. Wanga ni wa kupata nguvu ya leo. Mafuta ni akiba, kidogo yanatosha. Protini ni ya kujenga, na kwa kuwa haina ghala mwilini, iliwe kila siku. Na mkijua ukweli, usemeni. Mimi niliujua nikaufunika, ukawaumiza watoto wa watu. Verediana alibisha akiwa na nusu ya somo, akaumia. Akarudi akajifunza yote, akabisha tena, akatuponya. Bisheni hivyo."

Watoto walipiga makofi. Mkono mmoja ulinyooka mstari wa darasa la sita.

"Sema, Verediana," alisema Mwalimu Pasikali, na walimu wote wakajikaza.

"Shikamoo walimu. Umesema protini ni kila siku. Maharage ya shamba la shule tunayalima sisi, tunayavuna sisi. Mbona yanauzwa yote, sisi mchana tunapewa makande ya mahindi matupu?"

Mwalimu mkuu alikohoa. Mwalimu Shadia alijifunika mdomo kwa mkono wa sweta. Mwalimu Pasikali alimtazama mwalimu mkuu, akangoja, wala hakulifunika swali lile.

Alhamisi ya wiki hiyo, makande ya shule yalikuwa na maharage.